RAM Imekataa, Kompyuta Inajikokota: Hesabu Chipu Kabla ya Kununua

Dada yangu ana steshenari ndogo Morogoro, na kompyuta inayobeba duka lote ni Dell OptiPlex 780, ile ya mnara mdogo, mtumba iliyokuwa imeshatumika ofisini huko Ulaya. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua) ya GB 2. Msimu wa wanafunzi kuchapa ripoti za mafunzo kwa vitendo, Word ilikuwa inafunguka kwa dakika nzima huku foleni ikifika mlangoni. Nikaenda Kariakoo, nikanunua vijiti viwili vya RAM vya GB 4, aina ya DDR3, umbo lake sawa kabisa na vya zamani. Nilipovichomeka, feni ikazunguka, taa ya mbele ikawaka rangi ya chungwa, skrini ikabaki nyeusi. Nikarudisha vya zamani, mashine ikawaka kama kawaida.

Nikavirudisha dukani. Muuzaji akavichomeka kwenye kompyuta yake mbele yangu, vikafanya kazi. Hakuna aliyekuwa amemdanganya mwenzake. Vijiti vilikuwa vizima na kompyuta ilikuwa nzima, ila haviwezi kuishi pamoja. Nimeandika mwongozo huu ili wewe usipande basi mara mbili kwa jambo linaloonekana kwa macho ukilijua.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza shida ni RAM

Kompyuta ikiwa nzito, kila mtu atakwambia "ongeza RAM". Mara nyingi ni kweli, lakini si mara zote, na kupima hakugharimu kitu.

Fungua vile unavyovitumia kila siku kwa pamoja: Word, kivinjari chenye kurasa zako za kawaida, programu ya printa. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo. Kwenye Windows 10 itafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, uangalie mistari mitatu, yaani Memory, Disk na CPU, huku ukiendelea na kazi kwa dakika tano hivi.

Memory ikiwa imefika asilimia 90 na Disk nayo imejaa, hapo RAM ni ndogo kweli. Kompyuta ikikosa nafasi kwenye RAM huhamishia vitu kwenye diski, halafu huvirudisha vinapohitajika. Ni kama fundi cherehani mwenye meza ya kukunja: kila akitaka kitambaa kingine lazima akunje kilichopo, akipeleke stoo, arudi na kingine. Muda wake mwingi unaishia njiani.

Memory ikiwa nusu tu lakini Disk imekaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 7. Hata ukiweka GB 16, utakuwa umenunua meza kubwa kwa ajili ya fundi ambaye shida yake ni stoo. CPU ikiwa ndiyo imejaa, bofya sehemu ya Processes uone ni programu gani inayoila, na ushughulikie joto kama nitakavyoeleza Hatua ya 7.

Hatua ya 2: Jua ubao wako ni wa kizazi gani

Ubao ni ile bodi kuu ndani ya kasha ambayo RAM huchomekwa. Jina la modeli liko mbele ya kasha au kwenye lebo ya pembeni. Kwa kompyuta za ofisini zilizojaa madukani mwetu, mgawanyo uko hivi. OptiPlex 755 na 760 zinatumia DDR2. OptiPlex 780, pamoja na ndugu zake HP Compaq 6000 Pro na 8000 Elite, zinatumia DDR3, lakini ni DDR3 ya mwanzo mwanzo, na hizi ndizo zinazowatesa watu. OptiPlex 790, 990 na 7010, na HP Compaq 8200 Elite, nazo ni DDR3, ila hazina masharti yale magumu.

Sababu ya tofauti hiyo ni mahali alipokaa msimamizi wa RAM. Kwenye 780 msimamizi huyo ni chipu ya Intel Q45 iliyoko kwenye ubao wenyewe, na iliundwa wakati chipu za RAM zilikuwa bado ndogo. Kwenye 790 na wenzake, msimamizi amehamia ndani ya prosesa na anaelewa chipu kubwa zaidi. Kompyuta ya yule muuzaji ilikuwa ya kizazi hiki cha pili. Ndiyo maana vijiti vilivyogoma Morogoro viliwaka Kariakoo.

Tahadhari moja kuhusu maumbo: ile OptiPlex 780 ndogo kabisa inayokaa nyuma ya skrini hutumia vijiti vifupi vya laptopu. Fungua kasha kabla hujatoka nyumbani.

Ukitaka kujua kilichomo bila kufungua, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, kisha ndani yake andika:

wmic memorychip get devicelocator, capacity, speed, partnumber

Utaona kila kijiti kiko sloti gani, ukubwa wake kwa baiti, kasi yake na namba yake ya utambulisho. Programu ya bure ya CPU-Z inatoa habari hizo hizo kwa sura nzuri zaidi, na sehemu yake ya SPD inaonyesha sloti moja moja.

Hatua ya 3: Soma lebo, kisha hesabu chipu

Usiharakishe hapa, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea.

Chukua kijiti mkononi. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina pini 240, na kwa kutazama haraka zinafanana, lakini ule mwanya wa chini haupo mahali pamoja. DDR4 ina pini 288. Kijiti kisipokaa kwenye sloti, usikisukume kwa nguvu. Mwanya umewekwa makusudi ili kukuzuia.

Sasa soma lebo. Mfano wa maandishi utakayoyakuta ni huu: 4GB 2Rx8 PC3-10600U. Tuyachambue.

PC3 maana yake DDR3. Ukiona PC3L, ni DDR3 inayoweza kutumia volti 1.35 badala ya 1.5, kwenye ubao wa volti 1.5 nayo kwa kawaida hufanya kazi. Namba 10600 inaeleza kasi: 8500 ni 1066, 10600 ni 1333, na 12800 ni 1600. Kasi kubwa kuliko ubao unavyotaka si kosa, kijiti kitashuka chenyewe. OptiPlex 780 inaishia 1066, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya 1600.

Herufi ya mwisho ni ya kuiangalia sana. U ndiyo yetu. R ni RAM ya seva. Madukani utaikuta kwa bei ya kuvutia mno, GB 8 kwa bei ya GB 2, na watu huinunua kwa furaha. Kwenye kompyuta hizi za mezani haitawaka hata siku moja. Hata kama lebo imebanduka, RAM ya seva hujulikana kwa idadi ya chipu: badala ya 8 au 16 utakuta 9, 18 au 36, na katikati mara nyingi kuna chipu nyingine ya umbo tofauti.

Tumebakiwa na 2Rx8, na hii ndiyo iliyonigharimu. Namba hiyo inakwambia chipu zimepangwaje. Kijiti cha GB 4 kilichoandikwa 2Rx8 kina chipu 16, nane kila upande, na kila moja imebeba MB 256. Kilichoandikwa 1Rx8 kina chipu 8 tu, zote upande mmoja, na kila moja imebeba MB 512. Jumla ni ileile, GB 4. Lakini Q45 haijui kusoma chipu ya MB 512. Kwa OptiPlex 780 na wenzake, kijiti cha GB 4 lazima kiwe na chipu 16. Vile nilivyonunua mimi vilikuwa na chipu 8, vipya vinavyong'aa, na kwa mashine ile havikuwa na maana yoyote.

Kuna mtego mwingine kwa wanaoagiza mtandaoni. Zipo RAM za GB 4 za bei nafuu zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni za AMD tu. Hizo nazo zinaweza kuwa na chipu 16, hivyo kuhesabu peke yake hakukuokoi, kwa sababu chipu zake ni za mpangilio wa x4, ambao mbao za Intel za aina hii haziuelewi. Ukiona neno AMD kwenye tangazo la RAM, na kompyuta yako ni ya Intel, achana nayo hata muuzaji akiapa.

Ushauri wangu kwa mwenye 780 yenye sloti nne: nunua vijiti vinne vya GB 2. Kijiti cha GB 2 kiwe na chipu 8 au 16, mradi ni x8 na kina herufi U, kinakubalika. Vinne vinakupa GB 8, na kwa kuwa vijiti vya GB 2 vimekosa soko, mafundi wengi wanavyo kwenye droo na wanaviachia kwa bei ya chini. Ukubwa wa juu kabisa wa mashine hiyo ni GB 16, lakini kwa kazi za steshenari GB 8 zinatosha.

Hatua ya 4: Kuchomeka

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Kama kuna kitaa kidogo kinachowaka juu ya ubao, subiri kizime. Gusa chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa RAM.

Fungua vishikizo vya pande zote mbili za sloti. Linganisha mwanya, weka kijiti wima, kisha bonyeza kwa vidole gumba viwili, ncha zote kwa nguvu sawa, mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe na usikie mlio. Wengi huishia nusu kwa kuogopa kuvunja. RAM iliyoingia nusu ni sababu kubwa ya skrini nyeusi kuliko RAM mbovu.

Anza na sloti namba 1. Namba zimechapwa kwenye ubao. Vijiti viwili vinavyofanana viweke kwenye jozi moja, kwa kawaida sloti zenye vishikizo vya rangi moja, ili ubao uvisome viwili kwa wakati mmoja. Kompyuta hizi nyingi hazina kadi ya picha na hutumia RAM hiyo hiyo kwa ajili ya skrini, hivyo jozi iliyopangwa vizuri inasaidia.

Hatua ya 5: Ikikataa kuwaka

Usichomoe kila kitu kwa pamoja. Fanya hivi, kitu kimoja kwa wakati.

Toa vijiti vyote. Washa mashine ikiwa tupu. Ikilalamika kwa milio au taa, ubao uko hai na unajua hauna RAM. HP Compaq za wakati huo hupiga milio mitano huku taa ikimulika nyekundu mara tano, na maana yake ni kosa la RAM. Dell hutumia taa ya kuwashia ya rangi ya chungwa pamoja na taa ndogo zenye namba 1 hadi 4 upande wa mbele. Andika zipi zimewaka, kisha ulinganishe na kitabu cha modeli yako, ambacho kinapatikana bure kwenye tovuti ya Dell.

Rudisha kijiti kimoja cha zamani unachojua ni kizima, sloti namba 1. Ikiwaka, kitoe na uweke kipya kimoja mahali hapo hapo. Ikigoma, jaribu kipya cha pili. Vyote viwili vikigoma na cha zamani kinakubali, rudi Hatua ya 3 uhesabu chipu. Kimoja kikikubali na kingine kikigoma, kile kilichogoma ni kibovu. Vyote vikikubali kimoja kimoja lakini vikigoma pamoja, chukua kijiti kizima ukizungushe sloti moja hadi nyingine. Sloti inayogoma ndiyo mbovu.

Kabla ya kuhukumu kijiti chochote, kisafishe. Kwetu, hasa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, hewa ya chumvi hupaka meno ya RAM utando usioonekana. Chukua ufutio wa penseli, sugua meno taratibu pande zote mbili, pangusa vumbi la ufutio kwa kitambaa kikavu, kisha uchomeke tena. Nimeona RAM "zilizokufa" zikifufuka kwa ufutio mara nyingi kiasi kwamba sasa naanza nao. Sloti zenyewe zipulize kwa pampu au brashi laini, usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Kusasisha BIOS (programu ndogo ya ubao inayoiwasha kompyuta) kunaweza kusaidia ubao kutambua baadhi ya vijiti, lakini hakuwezi kuifundisha Q45 kusoma chipu isiyoijua. Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, ubao unaweza kufa. Bila UPS, usiguse.

Hatua ya 6: Imewaka, lakini inaona pungufu

Umeweka GB 8, Windows inaonyesha GB 3 na kidogo zinazotumika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, usome aina ya mfumo. Ukiona 32-bit, umepata jibu: Windows ya biti 32 za kawaida haivuki GB 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine. Dawa yake ni kuweka upya Windows ya biti 64, baada ya kuhifadhi kazi zako kwingine. Hakuna njia ya mkato ninayoweza kukushauri.

Ikiwa ni biti 64 na bado pungufu, andika msconfig, nenda Boot, kisha Advanced options, na uondoe alama kwenye Maximum memory kama ipo. Halafu ingia BIOS, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, uone ubao wenyewe unahesabu ngapi. BIOS ikiona pungufu pia, kosa si la Windows. Kuna kijiti ambacho hakijakaa au kimechafuka.

Kompyuta ikiwaka vizuri lakini inajizima au kuleta skrini ya bluu bila mpangilio, pima RAM. Andika mdsched, ukubali kuwasha upya, na Windows itaipima yenyewe. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, cha bure, kinachowashwa kutoka kwenye flashi. Kiache kizunguke mzunguko mzima, ikiwezekana usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, hata moja, pima kijiti kimoja kimoja mpaka umpate mhusika. Usikubali kuambiwa kosa moja si kitu: hiyo RAM ndiyo inayoshika ripoti ya mwanafunzi kabla haijahifadhiwa.

Hatua ya 7: RAM imekaa, bado nzito

Sasa tazama diski. Mashine nyingi za mtumba huja na diski yao ya kwanza, ya kuzunguka, yenye umri sawa na kompyuta. Sakinisha CrystalDiskInfo. Ikionyesha njano au nyekundu, na hasa mistari ya 05, C5 au C6 ikiwa na namba zaidi ya sifuri kwenye safu ya Raw Values, nakili kazi zako leo hii, kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Uzito wenyewe unatokana na diski kujaribu kusoma mahali palipoharibika, tena na tena.

Hata diski ikiwa nzima, badala yake weka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA, yaani inayotumia kiunganishi kile kile cha diski ya zamani. OptiPlex 780 inaishia SATA ya gigabiti 3 kwa sekunde, yaani kama MB 300 kwa sekunde, kwa hiyo SSD haitafika mwendo wake wa juu. Haijalishi. Utakachokihisi ni jinsi SSD inavyopata mafaili madogo madogo papo hapo, na hapo diski ya zamani haiikaribii hata kidogo. Kwa mashine yenye GB 4 na diski ya zamani, na pesa ya kununua kitu kimoja tu, mimi ningenunua SSD kwanza.

Kabla ya kuweka Windows mpya kwenye SSD, ingia BIOS uchague AHCI kwenye mpangilio wa SATA. Ukibadilisha baada ya Windows kukaa, unaweza kupata skrini ya bluu.

Joto nalo. Toa vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa. Kama mashine ina miaka zaidi ya kumi, ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake imekauka. Ifute kwa spiriti na upake mpya, kiasi cha punje ya mchele. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, inajipunguzia mwendo ili isiungue. Wakati kasha liko wazi, tazama pia zile kopo ndogo za duara kwenye ubao. Iliyovimba kichwa au kuvuja ni dalili kwamba ubao unaelekea mwisho, na pesa ya RAM uihifadhi.

Betri ya ubao, CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma na tovuti nyingi hugoma kufunguka. Wateja huita hilo "intaneti nzito". Badilisha betri, weka tarehe.

Hatua ya 8: Mfumo gani uweke

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizitambui rasmi kompyuta hizi, na kwa zenye prosesa ya Core 2 Duo, kama 780, hata njia za kupenya zimefungwa, kwa sababu toleo la 24H2 linadai amri za prosesa ambazo Core 2 haina. Kwa mashine ya dada niliweka Linux Mint, mfumo wa bure mbadala wa Windows, toleo la Xfce, pamoja na LibreOffice inayofanya kazi za Word. Mint inahitaji angalau GB 2 na inapendekeza GB 4. Sisi tuna GB 8. Jaribu kwanza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuiweka, kwa F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP, uhakikishe printa yako inatambulika, maana steshenari bila printa ni meza na viti.

Ukimaliza, chukua karatasi, andika modeli, aina ya RAM, idadi ya chipu zinazokubalika, kilichomo kila sloti na tarehe, kisha uibandike upande wa ndani wa kifuniko. Yetu inasema: "DDR3 U, GB 4 chipu 16 tu, GB 2 yoyote ya x8." Fundi atakayeifungua siku ambayo mimi sipo hatahitaji kunipigia simu.